Wachapishaji wanaobadilisha majalada katikati ya mfululizo wanatudharau sisi tulionunua kitabu cha kwanza

Wakuu, nimekaa na hasira hii siku tatu nikidhani itapoa. Haijapoa, kwa hiyo nafungua uzi.

Kifurushi kilifika juzi. Ndani kulikuwa na kitabu cha nne cha mfululizo wa riwaya za vijana ninaoufuata tangu cha kwanza kilipotoka, na nilikioda miezi mitano kabla ya siku ya kutoka. Vitatu vya mwanzo nimevisoma sijui mara ngapi, maana kila kipya kikikaribia huwa narudi mwanzo kabisa, nisije nikasahau nani anamdai nani na nani alikufa na siri gani. Nikachana karatasi, nikakitoa, nikadhani wamekosea wakanitumia kitabu cha mtu mwingine. Nikageuza, nikasoma jina la mwandishi. Ni chenyewe.

Nikakipeleka kwenye rafu nikakisimamisha pembeni ya wenzake. Vile vitatu vina kimo cha milimita 198, kile kipimo cha kawaida cha majalada mepesi ya Uingereza. Hiki kipya kina milimita 216. Milimita 18 ukizitamka ni kitu kidogo, lakini rafu yangu ya pili kutoka juu niliipimia nafasi kwa ajili ya vitabu vya 198, na hiki hakiingii wima hata ukikibembeleza. Sasa kimelala ubavu juu ya vichwa vya wenzake kama mgonjwa.

Na kimo ndiyo kasoro ndogo. Vile vitatu ukivipanga kwa mfuatano, migongo yake inaungana kuwa picha moja. Kwenye mgongo wa kwanza kuna mlima, na chini yake mto mwembamba unaanza. Kwenye wa pili mto umepanuka, kuna mtumbwi. Kwenye wa tatu linaanza daraja: nguzo mbili, tao moja, na binti mmoja amesimama juu yake anatazama upande wa kulia. Anatazama kule ambako kitabu cha nne kilipaswa kukaa. Miaka miwili nimekuwa nikipita mbele ya rafu ile najiuliza ng'ambo kuna nini. Kitabu cha nne kina mgongo mweusi, mtupu, jina la mwandishi kwa herufi kubwa kuliko jina la kitabu. Hakuna mto wala daraja. Binti anatazama ukuta mweusi.

Roho iliniuma, nisiwafiche.

Najua kuna watakaokuja hapa kuniambia hadithi ni ileile. Hata mchapishaji nilipomwandikia, ndivyo alivyonijibu: mistari miwili ya heshima, kwamba maudhui ya kitabu hayajaathirika kwa namna yoyote na wanatumaini nitafurahia mwonekano mpya. Maudhui nayajua. Nilikimaliza usiku uleule, na kitabu ni kizuri mno, ile sura ya kesi pale barazani nimeirudia mara mbili. Sina ugomvi na mwandishi hata chembe. Waandishi wengi hawana kauli ya mwisho kuhusu jalada. Mikataba yao huwapa nafasi ya kutoa maoni, halafu mchapishaji anaamua. Kwa hiyo tafadhali, asiende mtu kumtukana mwandishi kwenye kurasa zake kwa sababu ya uzi huu. Tunakosea mlango tukifanya hivyo.

Ila hoja ya kwamba jalada ni pambo tu siikubali. Anayebisha akumbuke yaliyotokea mwaka 2009 na riwaya ya Liar ya Justine Larbalestier. Mhusika mkuu ni binti mweusi mwenye nywele fupi, na jalada lililoandaliwa kwa ajili ya Marekani lilikuwa na uso wa msichana mzungu mwenye nywele ndefu zilizonyooka. Mwandishi mwenyewe alisema hadharani kwamba hakulichagua. Wasomaji wakapiga kelele, na jalada likabadilishwa kabla kitabu hakijafika sokoni. Lingekuwa pambo tu, kelele zote zile zingetoka wapi? Jalada ndilo neno la kwanza la hadithi, unalisoma kabla hujafungua ukurasa. Na pia tujifunze hapo kwamba wachapishaji husikia, wakitaka.

Sasa kwa nini wanafanya hivi? Sababu wanazo, na si za siri. Katika mfululizo, kila kitabu kinachofuata kwa kawaida huuza pungufu kuliko kilichotangulia, kwa sababu wapo wanaoishia njiani, na ni nadra mtu kuanzia cha tatu. Mauzo yakishuka, watu wa masoko wanatafuta cha kubadilisha, na hadithi hawawezi kuigusa, basi wanalirukia jalada. Sababu ya pili ni umri. Utafiti wa kampuni ya Bowker wa mwaka 2012 nchini Marekani ulikuta kwamba asilimia 55 ya wanunuzi wa vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya vijana wa miaka 12 hadi 17 walikuwa watu wa miaka 18 na kuendelea. Tangu hapo kila mchapishaji anajua kwamba watu wazima tupo wengi humu, na wengine wamejiaminisha kwamba tunaona haya kushika kitabu chenye mto na binti mbele za watu. Ndiyo maana unaona majalada meusi, herufi kubwa, ishara moja katikati, ili kifanane na vitabu vya "wakubwa".

Lakini jamani, sisi watu wazima tulio katika hiyo asilimia 55 tulikuwa tunanunua majalada yaleyale ya mwanzo! Hakuna aliyetulazimisha, wala hatukuwa tunavificha.

Sehemu inayonichemsha zaidi ni hii. Wiki ileile kitabu cha nne kilipotoka, walitoa upya cha kwanza, cha pili na cha tatu kwa sura mpya, kimo kipya, mgongo mweusi. Maana yake anayeanza leo anapata seti kamili inayofanana. Mimi niliyekuwepo wakati mwandishi hajulikani, niliyenunua cha kwanza bila kusikia sifa yoyote, niliyewasukumia marafiki mpaka wakakisoma, ndiye mwenye seti iliyovunjika. Nikitaka iungane, ninunue upya vitabu vitatu ambavyo tayari ninavyo na nimeshavisoma hadi migongo imepata mikunjo. Wametugeuza shamba la bibi. Aliyelima hapati kitu, anayepita anavuna.

Na oda za mapema ndizo zinazoniudhi kupita kiasi, kwa sababu tunaombwa tuzifanye. Tunaambiwa kila mara, na waandishi wenyewe wanaeleza vizuri tu, kwamba oda za mapema huhesabiwa pamoja na mauzo ya wiki ya kwanza na zinaweza kukisaidia kitabu kuingia kwenye orodha za vinavyouzwa sana. Nimetii. Nilioda kabla jalada halijaonyeshwa, kwa imani kwamba kitabu cha nne kitafanana na vitatu. Picha ya jalada ilipotolewa, ilionyesha upande wa mbele tu. Hakuna popote walipoandika kwamba kipimo kinabadilika. Hakuna aliyeonyesha mgongo. Mtu anayekusanya vitabu anaishi na mgongo, wakuu. Upande wa mbele unauona siku ya kununua na siku ya kusoma, mgongo unauona kila siku ya maisha yako.

Ile mihuri nayo siipiti kimya. Mnaijua, ile duara ya "sasa ni filamu" au "sasa ni tamthilia", ambayo imetengenezwa ionekane kama kibandiko, ukaingiza ukucha ubandue, kumbe imechapwa humohumo kwenye jalada. Nina kitabu kimoja chenye alama ya ukucha wangu mpaka leo. Filamu zenyewe huja na kupita, na nyingine hazimalizi hata safari. Divergent ya Veronica Roth ilikuwa na vitabu vitatu, vilitoka kati ya 2011 na 2013, hadithi ikakamilika. Wenye filamu wakakigawa kitabu cha tatu vipande viwili, cha kwanza kikaonyeshwa 2016, cha pili hakikutengenezwa kabisa. Aliyenunua vitabu ana mwisho wake mkononi. Aliyengoja filamu ameachwa kwenye mataa hadi leo. Halafu bado kitabu ndicho kinachopigwa muhuri kana kwamba ndicho kinachohitaji mdhamini.

Matoleo maalumu, yale yenye kingo za kurasa zilizopakwa rangi, mimi sina shida nayo. Ni mazuri, anayeyapenda ayachukue. Tatizo langu ni sura ya ziada. Duka moja linapewa toleo lenye barua ambayo mhusika hakuituma, lingine linapewa toleo lenye tukio la usiku ule kutoka upande wa mtu wa pili, na anayenunua toleo la kawaida hapati lolote kati ya hayo. Hapo sasa hawawezi kunijibu kwamba maudhui hayajaathirika. Wameichana hadithi wakauza vipande.

Na wale wanaodhani jibu ni kuhamia kwenye vitabu vya kielektroniki: ninavyo pia, nasomea safarini. Asubuhi moja niliwasha kisomaji changu nikakuta jalada la kitabu nilichonunua siku nyingi limejibadilisha lenyewe, limekuwa picha ya waigizaji. Sikuombwa ruhusa wala kupewa taarifa. Kwa hiyo hata huko hakuna pa kukimbilia.

Nadhani chini ya yote haya kuna dharau ya zamani dhidi ya vitabu vya vijana. Haijaanza jana. Mwaka 2000, vitabu vya Harry Potter viliposhika nafasi za juu kwenye orodha ya vinavyouzwa sana ya New York Times, gazeti lile lilianzisha orodha ya pembeni ya vitabu vya watoto, vikahamishiwa huko. Vilikuwa vimewashinda vya watu wazima kwa haki, vikatolewa ukumbini. Na nani asiyejua kwamba S. E. Hinton alianza kuandika The Outsiders, riwaya ya vijana, akiwa na miaka 15 na kitabu kikachapishwa mwaka 1967 akiwa na miaka 18? Fasihi hii ina watu waliofunguliwa macho nayo, wanaoijua kwa kurasa, wanaokumbuka jina la mbwa wa jirani kwenye sura ya sita. Lakini kwenye meza za watu wa masoko bado tunahesabiwa kama kundi la watoto linalokimbilia chochote kinachong'aa, lisiloweza kugundua kwamba kitabu kimeongezeka milimita 18.

Tumegundua. Mimi nilikishika tu mkononi nikajua.

Ninachodai hakizidi uwezo wao. Mfululizo ukianza na sura fulani, umalizike na sura hiyo, hata kama sambamba na toleo jipya. Walichape lile la zamani kwa idadi ndogo kulingana na oda, sisi tutasubiri, tumezoea kusubiri. Wakishindwa kabisa, vile vya jalada gumu wavipe jaketi la karatasi la pande mbili, upande mmoja sura mpya na upande wa pili sura ya zamani, mtu ageuze apendavyo. Na wakiamua kubadilisha kipimo au mgongo, wakiandike pale kwenye ukurasa wa oda kabla hawajachukua hela ya mtu.

Sasa naomba msaada wenu. Piga picha ya rafu yako pale mfululizo ulipovunjika, mgongo kwa mgongo, mwanga uwe mzuri, na uandike jina la mfululizo na kitabu cha ngapi mabadiliko yalipoanzia. Weka hapa chini. Nitazikusanya zote na kuziambatanisha kwenye barua moja, na safari hii siiandikii huduma kwa wateja, naielekeza kwa wahariri na idara ya usanifu, maana wale wa huduma kwa wateja hawakuamua chochote na hawana cha kubadilisha.

Kitabu cha tano, ambacho ndicho cha mwisho, kinatoka mwakani na jalada lake bado halijatangazwa. Msanii aliyechora mto ule bila shaka anajua daraja linaishia wapi. Muda wa kumpigia simu upo.