Mashine ya kuchomelea imeandikwa ampi 250 mbele, nyuma imeandikwa 120. Haya, tuambiane ukweli

Jamani, nimejizuia siku tatu nisiandike nikiwa na hasira. Hasira yenyewe imekataa kuisha, basi naandika nayo hivyo hivyo.

Nina tuktuk mbili, moja naiendesha mwenyewe huku Kisauni, Mombasa. Anayezijua tuktuk za Pwani anajua maradhi yake ni chumvi. Sakafu inaoza chinichini ya mkeka wa mpira, bodi inachanika kwenye kona za mlango, na kila mwezi uko kwa fundi. Fundi wangu anachomelea kwa mashine ya vijiti. Kwenye chesisi hana mpinzani, lakini bati la milimita 1 linamshinda: anatoboa, anaziba, anatoboa pembeni yake. Nikaona bora nitafute mashine ya waya, ile inayosukuma waya yenyewe badala ya kijiti, niiweke kibandani nyuma ya nyumba, nijichomelee mwenyewe. Zamani niliwahi kushika tochi, ule mshiko unaotoa waya, si mgeni kabisa.

Nikaenda duka moja mjini (jina sitalitaja, msinifuate inboksi). Nikamweleza kijana wa kaunta kila kitu: bati jembamba, stima ya nyumbani, plagi ya kawaida ya ukutani. Akaniambia, "Ami, chukua hii 250. Inakula chuma chochote. Gesi ukitaka, bila gesi ukitaka." Huku anaipiga piga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe. Shilingi 28,500 ikatoka kwenye simu hapo hapo, na waya wa dawa kilo 1 juu yake, ule wenye unga ndani unaokinga mchomo na hewa badala ya gesi.

Usiku ule ule nikaiwasha. Mnaojua kazi hii mnajua mlio wa waya unaochoma vizuri, kama viazi karai vikitumbukizwa kwenye mafuta. Yangu ilikuwa pa! pa-pa! pa! Cheche zimeganda hadi kwenye kiatu. Mstari umekaa juu ya bati kama mavi ya mbuzi, ukigonga na nyundo unabanduka wote. Nikapunguza spidi ya waya, nikaongeza. Nikasafisha bati mpaka likang'aa. Wapi! Mara waya ukaanza kuteleza kwenye rola, kile kigurudumu kinachousukuma, nikakaza, kumbe ndiyo naharibu zaidi. Waya wa dawa una uwazi ndani, ukiukaza sana kwa rola laini unabonyea kama mrija. Unataka rola yenye meno. Hii ina rola ya plastiki, laini kama shanga. Waya ukakwama kwenye mdomo wa tochi, nyuma ukaendelea kusukumwa, nilipofungua mlango wa pembeni nikakuta umejisokota kama kiota cha kunguru.

Hapo nikachukua bisibisi nikafungua na ule upande mwingine. Najua, najua, waranti. Nitafika huko.

Nilichokiona ndani ndicho kimenileta hapa. Waya wa dawa usiotumia gesi unataka tochi iwe kwenye hasi, na ile klampu inayong'ata chuma iwe kwenye chanya. Waya mtupu wa gesi ni kinyume chake, tochi inakaa chanya. Kwa hiyo mashine inayojiita ya gesi na bila gesi lazima ikupe njia ya kubadilisha, na kwenye mashine ya maana ni kuhamisha kebo tu, dakika moja. Hii yangu kebo ya tochi imefungwa kwa boliti kwenye chanya, fupi, haifiki kwingine. Nikasema sawa, basi ni ya gesi. Nikafuata tundu la gesi la nyuma kwa kidole. Ndani hakuna mpira, hakuna valvu, hakuna kitu. Tundu la mapambo! Kwa gesi haifai, bila gesi haifai. Sasa mliniuzia nini, redio?

Na hiyo 250 sasa. Chini ya kibandiko cha bei, nyuma, kuna bamba dogo la herufi ndogo kama sisimizi: ampi 120, volti 20, asilimia 20. Mbele rangi nyekundu, 250, kubwa kama namba ya matatu. Hesabu yenyewe ningeifanya palepale kaunta kama si uvivu wangu. Plagi ya ukutani ni ampi 13. Mara volti 240, unapata wati 3,120, hapo ndipo mwisho. Mashine ya waya ikitoa ampi 250 inahesabiwa kwa volti 26.5, yaani wati 6,625 kwenye moto peke yake, bado hujahesabu joto linalopotea ndani ya mashine. Zaidi ya mara mbili ya plagi! Ampi 120 kwa volti 20 ni wati 2,400, ukiongeza upotevu inaingia. Kwa hiyo bamba dogo linasema kweli na rangi kubwa inadanganya, na aliyebandika bei juu ya bamba alijua anachofunika.

Ile asilimia 20, kwa asiyejua, ni kwamba katika kila dakika 10 unachoma 2 na kupumzika 8. Na inapimwa kwenye joto la nyuzi 40. Kibanda changu cha mabati mwezi wa pili hakiko mbali na hapo.

Nikarudi dukani. Kwanza wakasema stima ya kwetu ni dhaifu. Nilikuwa nimeipima: volti 238 imetulia, 229 nikichoma. Haya, basi wakasema ni mimi sijui kuchomelea. Nilipomwonyesha picha ya boliti, mwenye duka mwenyewe akatoka nyuma, akatabasamu: "Mzee wangu, ushafungua, waranti imekufa. Na risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudi." Kufungua ni kosa langu, nakubali. Lakini kufungua ndiko kulikotoa valvu ndani?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata ingekuwa 250 ya kweli, ingenisaidia nini? Bati la milimita 1 linataka kama ampi 40. Swali langu lilipaswa kuwa inashuka mpaka wapi, na mimi nikasimama pale nikishangaa inapanda mpaka wapi. Kwa bodi ya tuktuk nilihitaji waya mtupu wa milimita 0.6 na gesi, na pazia la mabati upande wa bahari maana upepo ukipita gesi inapeperuka na mstari unajaa vitundu. Waya wa dawa ungebaki kwa geti na kazi za nje. Kijana wa kaunta nilimweleza kazi yangu, angeniambia hayo.

NYONGEZA: Mnaosema nisamehe, Katiba ya Kenya ibara ya 46 inampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa na ya kupewa maelezo yanayohitajika. Maandishi ya risiti hayafuti hilo. Na Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, yangu ni 28,500.

NYONGEZA 2: Anayeuliza waya uliobaki, umeshaanza kutu kwa unyevu wa huku. Nimeufunga kwenye mfuko pamoja na mchele, na mama watoto ameshauliza mchele wake uko wapi.

Jumatatu asubuhi naipakia nyuma ya tuktuk naipeleka tena, nikiwa na bamba lile nimelipiga picha na kuichapisha ukubwa wa gazeti. Nitasimama kaunta hapo wateja wakiwa wamejaa.