Nimepata nafasi ya masta Uingereza bila ufadhili: niende au nisubiri?

Dada wa Igombe:
Wakuu salaam. Nina digrii ya maendeleo ya jamii, nafanya kazi na akina mama wanaoanika dagaa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mradi uliwajengea vichanja ili waache kuanika mchangani. Wafadhili walipoondoka, vichanja vikang'olewa, mbao zikaishia jikoni. Mvua ikinyesha, dagaa wanaharibika mchangani kama zamani na kuuzwa chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Nataka nikasome nijue kwa nini miradi hii haidumu.

Nimekubaliwa chuo kimoja Uingereza, masta ya maendeleo ya kimataifa na uendelevu, mwaka mmoja. Baba anasema tuuze kiwanja cha Buswelu. Wakala naye ananikimbiza nilipe amana mwezi huu. Nishaurini, matusi hapana.

Mzee wa Mwaloni:
Buswelu?! Mwanangu, kiwanja kisiguswe.

Fundi Karabai:
Dada, wakala muweke pembeni, maombi ya chuo unajaza mwenyewe. Kisha kiandikie chuo uombe kuanza mwakani, vingi vinakubali.

Mtaji wako ni hiyo kazi ya Igombe. Chevening, ufadhili wa masta wa serikali ya Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi, kama miaka miwili hivi, na za kujitolea wanazihesabu. Dirisha hufunguliwa Agosti, unachagua kozi tatu. Wakikuchukua wanalipa ada, nauli na pesa ya kujikimu, ila ukimaliza urudi nyumbani ukae angalau miaka miwili. Ujerumani kuna DAAD, shirika linalofadhili masomo, na mpango wao wa EPOS: nao wanataka miaka miwili ya kazi, na digrii isiwe imepita miaka sita. Angalia tarehe ya cheti chako leo hii.

Sweden nako, Chuo Kikuu cha Lund wana LUMES, masta ya miaka miwili ya mazingira na uendelevu, ipo tangu 1997. Vyuo vya kule unaviomba kwenye tovuti moja ya taifa, kuanzia Oktoba hadi katikati ya Januari, ada ya maombi krona 900. Ufadhili unaombwa kivyake.

Msukuma Mbishi:
Mimi nina neno. Masta ya "maendeleo" ni pana mno. Ukirudi, mwajiri atakuuliza unajua kufanya nini. Kabla ya kupenda jina la chuo, fungua orodha ya masomo: kuna tathmini ya miradi? Takwimu? Kama hakuna, pita. Kwa swali lako ningeangalia Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza. Pale kuna IDS, taasisi ya masomo ya maendeleo iliyoanzishwa 1966, ndiko alikofanyia kazi Robert Chambers, yule aliyeshikilia kwamba wanakijiji wachore ramani zao na kupanga vipaumbele wenyewe. Sisi wa ziwa hili tunajua wataalamu wakiamua peke yao inakuwaje. Samaki sangara si alipandikizwa humu, akawamaliza samaki wetu wa asili?

Bi Nansio:
Mdogo wangu, nikuulize. Hivyo vichanja vilisimama kwenye ardhi ya nani?

Dada wa Igombe:
Ya mzee mmoja wa pale ufukweni. Alikubali kwa mdomo tu. Mradi ulipoisha akataka kodi, akina mama wakashindwa.

Bi Nansio:
Na kwenye ripoti mliandika nini?

Dada wa Igombe:
Iliandikwa "mwamko mdogo wa jamii". 😅

Fundi Karabai:
Basi insha ya maombi umeshaipata. Anza na huyo mzee na kodi yake. Hizo habari za "nina ndoto ya kubadilisha Afrika" waachie wengine.

Dada wa Igombe:
Asanteni sana. Baba nimemwambia kiwanja kibaki, amefurahi kuliko mimi. Swali la mwisho: bosi anasema barua ya mapendekezo niandike mwenyewe, yeye aweke sahihi. Inakubalika?

Msukuma Mbishi:
Hapana, aandike yeye. Wewe mpe dondoo za ulichofanya, na umkumbushe kila Jumatatu. Mabosi wa Mwanza tunawajua.