Kasisi anayewasalisha wengine huku sala zake mwenyewe zikikauka: naomba ushauri

Kasisi Mchanga:
Ndugu zangu, naomba ushauri, hasa kutoka kwa waliotangulia katika daraja hili. Mimi ni kasisi wa Kanisa la Anglikana, na huu ni mwaka wa nne tangu nitoke kwenye ushemasi. Siku niliyowekewa mikono, askofu aliniuliza kama nitakuwa na bidii katika sala na katika kusoma Maandiko Matakatifu, nami nikaitikia kwa sauti iliyowafikia hata waliokaa nyuma kabisa. Leo nasali na wagonjwa, nasali kabla ya kikao na baada yake, nabatiza, nazika, nabariki nyumba. Lakini Sala ya Asubuhi naimaliza nikiwa nimesimama mlangoni, funguo mkononi, na Sala ya Jioni mara nyingi hunipita nikiwa bado namsikiliza mtu ambaye hana mwingine wa kumweleza yaliyomo moyoni.

Kilichonisukuma kuandika ni siku ya juzi. Nilikuwa zaburi ya pili simu ilipolia: mgonjwa mmoja wa siku nyingi alikuwa katika saa zake za mwisho. Nilikwenda, nikampa Ushirika Mtakatifu, nikakaa na watoto wake hadi alipotutoka. Kutoka hapo niliwapatanisha wachumba waliokuwa karibu kuvunja ndoa kabla haijafungwa, kisha nikaingia katika kikao cha paa la kanisa kilichochukua saa mbili na nusu. Usiku nilipofungua kitabu cha sala nilikuta utepe wa Sala ya Jioni uko pale pale nilipouacha siku tisa nyuma. Uchovu naweza kuuvumilia. Kilichonitisha ni kwamba kando ya kitanda kile, niliposoma Zaburi ya 23, niliisikia sauti yangu kama ya mtu anayesoma tangazo.

Je, nina haki ya kufunga mlango na kuzima simu kwa nusu saa kila asubuhi, nikijua kwamba nusu saa hiyo hiyo mtu anaweza kufa bila kasisi? Au nikubali tu kwamba kazi yenyewe ndiyo sala yangu?

Mstaafu wa Madhabahuni:
Mwanangu Mchungaji, pole kwa msiba na kwa siku hiyo nzito. Turudi kwanza kwenye kitabu. Maelezo ya utangulizi katika Kitabu cha Sala cha 1662 yanawataka makasisi na mashemasi wote wasali Sala ya Asubuhi na ya Jioni kila siku, faraghani au hadharani, isipokuwa wamezuiwa na ugonjwa au jambo jingine la dharura. Mtu anayekata roho ni dharura, kwa hiyo asubuhi ile hukufanya kosa. Paa si dharura, labda liwe linaanguka.

Lakini maelezo hayo yanaendelea, na hapo ndipo wengi wetu tunapoyaacha. Kasisi anayehudumu katika mtaa, akiwa nyumbani na asipokuwa na kizuizi cha haki, anatakiwa asali kanisani, na apige kengele kabla ya kuanza ili watu waje kulisikia Neno la Mungu na kusali pamoja naye. Askofu Mkuu Thomas Cranmer, aliyetuandalia Kitabu cha Sala cha kwanza, alipozikusanya sala za watawa za saa mbalimbali za siku na kuzifanya mbili tu, mwaka 1549, alikusudia ziwe za watu wote. Wewe unazisali kama mali yako binafsi, ndiyo maana unaona aibu kuzilinda, kana kwamba unawaibia watu muda wao.

Mimi nilipiga kengele miezi miwili nikiyasomea mabenchi. Kisha mama aliyekuwa akifagia kanisa akaweka ufagio chini, akaketi. Baadaye akawa anasoma somo la pili. Siku moja nilichelewa, nikamkuta ameshaanza bila mimi, na sijawahi kufurahia kuachwa nyuma namna ile.

Msamaria:
Kwa heshima zote, sikubaliani. Watu wanamhitaji kasisi barabarani. Yule kuhani katika mfano wa Bwana aliyempita majeruhi huenda naye alikuwa anawahi sala zake.

Mstaafu wa Madhabahuni:
Ndugu Msamaria, soma tena Luka 10. Kuhani yule alikuwa akishuka, na njia ile inatoka Yerusalemu. Kama kulikuwa na ibada, alikuwa ameshaimaliza. Kisingizio hicho hakumpa Bwana, tumempa sisi.

Mama Mchungaji:
Nimeolewa na kasisi kwa miaka mingi, na ninakumbuka kwamba katika ibada ile ile ya kuwekwa wakfu huulizwa pia habari ya nyumba yake, si ya sala peke yake. Swali hilo halikumbukwi sana kwenye vikao. Nyumbani kwetu simu ilikuwa na haki kuliko mimi, hadi tulipopata njia rahisi: wakati wa sala, simu hushikwa na mzee wa kanisa. Mwenye msiba au mgonjwa mahututi huitiwa kasisi mara moja, hata katikati ya zaburi, na mengine yote husubiri. Baba Mchungaji, usiizime simu. Mpe mtu mwingine aibebe. Tena nakuomba usimpe mkeo, kama unaye.

Shemasi wa Jana:
Naongeza jambo dogo kuhusu utepe. Kitabu kimezigawa Zaburi zote 150 katika siku 30, asubuhi na jioni. Nilipokosa siku nilikuwa nalipa deni, na nikilemewa na deni naacha kabisa. Kasisi anayenilea aliniambia nifungue tarehe ya leo, niliyoyakosa yatanikuta mwezi ujao. Zaburi ya 23 itakujia jioni ya siku ya nne, wakati hakuna anayekufa mbele yako wala anayekutazama. Huenda ikisomwa hapo mara nyingi, kando ya kitanda itatoka kwa sauti nyingine. Ila ujiandae kwa jioni ya siku ya 15: ni Zaburi ya 78 peke yake, na haiishi upesi.

Kasisi Mchanga:
Nawashukuru nyote. Baba Mstaafu, neno lako la mali binafsi limenichoma mahali panapostahili. Ndugu Msamaria, hofu yako ndiyo niliyokuja nayo hapa, kwa hiyo siidharau.

Leo asubuhi nilimkabidhi mzee wa kanisa simu, nikapiga kengele, nikasubiri kidogo. Hakuja mtu. Nilisoma zaburi za leo kwa sauti, bila kugusa za siku tisa zile, nikasoma masomo yote mawili nikiwa nimekaa. Nilipotoka, mzee alinirudishia simu akasema imelia mara moja tu, na ilikuwa habari ya paa.