Tupeane uzoefu: kwenye ndege unakaa dirisha la upande gani?

Mleta mada:
Wakuu, kuna mtu anapewa kiti cha dirishani, anashusha pazia, analala hadi magurudumu yaguse chini. Simwelewi kabisa.

Mimi Dar kwenda KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) nachukua kiti F, yaani kulia. Anga likiwa safi unaanza na Usambara, zinafuata Pare, bwawa la Nyumba ya Mungu linametameta kama bati jipya, halafu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hiyo hapo juu ya mawingu. Kurudi Dar nahamia A, kushoto. Kuna mtego mmoja tu: uwanja wa KIA umelala mashariki kwa magharibi. Rubani akizungukia upande wa Arusha ili atue akielekea mashariki, mlima unahamia kushoto dakika za mwisho, na sisi wa F tunabaki na nyika. Wa kushoto walishakula Meru njiani, sasa wanaongezewa na Kilimanjaro!

Pandeni ndege ya alfajiri. Jua litakuchoma usoni upande huo wa kulia, vumilia, maana kufika mchana mlima mara nyingi umeshajifunika.

Wa njia nyingine, tiririkeni.

Shemeji wa Mombasa:
Kutoka Nairobi kuja huku pwani, kaa kulia. Utaona vilima vya Chyulu, na Kilimanjaro nyuma yake. Kurudi ni kushoto. Wakenya tunauona mlima wenu bure, msinune 😂

Mpenda Pangaboi:
Watu wanazidharau pangaboi, hizi ndege za mapanga, lakini kwa kutazama chini hakuna kama pangaboi ya Q400. Bawa liko juu ya dirisha, halikuzibii kitu. Ukikaa usawa wa injini unaona kila kitu wakati wa kutua: milango inafunguka chini ya injini, mguu unashuka taratibu, tairi zinagusa lami, moshi kidogo puu! Mwanangu huwa anasahau hata juisi yake.

Mama Wawili:
Mimi nililipia nyongeza nikae dirishani, nikakuta ukuta mtupu. Shirika silitaji. Mhudumu akanieleza kwamba hapo ndani ya ukuta panapita mabomba ya hewa ya baridi, ndiyo maana dirisha halikuwekwa. Sawa dada, na hela yangu? Safari nzima nachungulia kwenye upenyo wa kiti cha mbele, mwenye dirisha lake naye kavuta pazia.

Mleta mada:
@Mama Wawili pole sana. Huyo wa pazia ndiye niliyekuwa namsema.

Kijana wa Unguja:
Dar–Zanzibar kwa zile Cessna ndogo kuchagua hakuna, mnapangwa kwa uzito. Omba Mungu uambiwe ukae mbele kando ya rubani. Mara nyingi visiwa vya Bongoyo na Mbudya vinakuwa kulia, halafu ni mafungu ya mchanga na maji ya kila aina ya buluu. Dakika ishirini hivi, mmefika. Simu iwe na chaji.

Mtumishi wa Umma:
Sisi wa Dar–Dodoma kila wiki tuna nini cha kuona?

Mpenda Pangaboi:
@Mtumishi wa Umma kaa kushoto, milima ya Uluguru inapita hapo Morogoro. Ikishapita, rudi kwenye makabrasha yako.