Tupeane uzoefu: Mliokwenda Patong na miji mingine ya ufukweni Thailand, mtu na mwenza wake, mabegi mgongoni

Begi_Mgongoni

Habarini wakuu. Thailand inaulizwa sana humu, lakini wanaojibu ni wa aina mbili tu: mwenye duka Kariakoo anayefuata nguo Bangkok, na bwana harusi aliyelipia fungate akapokelewa uwanja wa ndege na kibao chenye jina lake. Sisi tuliokwenda na begi mgongoni, tukitafuta chumba kwa miguu, hatusikiki. Naanza mimi, wengine mtiririke.

Mimi na mke wangu tulikaa Patong, pwani ya magharibi ya kisiwa cha Phuket. Kila tuliyemwambia alitukataza: kelele, walevi, bei za kukomoa. Kelele ipo, sikatai. Barabara ya Bangla ina urefu wa mita 400 hivi, jioni inafungwa kwa magari, na kila baa inafungulia muziki wake bila kujali wa jirani. Lakini shikeni ramani ya mji kichwani. Zipo barabara tatu zinazokwenda sambamba na bahari: Thaweewong ufukweni kabisa, Rat-U-Thit katikati, na Nanai huko nyuma karibu na vilima. Kila ukirudi nyuma barabara moja, bei inashuka. Karibu na maji tuliambiwa baht 2,500 kwa chumba. Nanai tukapata cha feni kwa 600, bafu ndani, dirisha linatazama ukuta. Baht moja piga hesabu ya shilingi 75 hadi 80 za Tanzania.

Halafu huko nyuma ndiko wanakolala wanaouendesha mji, yaani wahudumu, wakandaji, madereva na wapishi. Wengi si wenyeji wa Phuket. Wametoka Isan, kaskazini-mashariki mwa Thailand, na wengine Myanmar. Kwa hiyo chakula cha vibarazani ni cha kwao na kwa bei yao: kuku wa kuchoma, wali wa kunata unaomegwa kwa mkono, na som tam, saladi ya papai bichi. Mke wangu alijikalia kwenye kiti cha plastiki akimtazama mama mmoja anavyoitengeneza kwenye kinu. Anaanza na kitunguu saumu na pilipili, anaponda. Anatia ndimu, sukari ya mnazi na mchuzi wa samaki. Papai lililochanwa nyuzinyuzi linaingia mwisho, anatwanga kwa mkono mmoja huku mwingine ukigeuza kwa kijiko. Akauliza kwa vidole, pilipili ngapi? Mke wangu ni mtu wa Tanga, akaonyesha tano. Mama akacheka, akaweka tatu. Zilitutosha wote wawili, na jasho juu.

Msimamo wangu ndio huo: mwenye begi mgongoni asiukimbie mji wa kelele. Mabasi, boti na chakula cha usiku wa manane viko hapo. Alale nyuma tu.

Mama_Kachumbari

Mkuu umerukia kwenye papai, viza hujasema. Na kutoka uwanja wa ndege mpaka huko Patong ni shilingi ngapi? Nataka kwenda na baba watoto, asije akaniuliza njiani nikakosa jibu.

Begi_Mgongoni

Dada, wenye pasi ya Tanzania tunahitaji viza. Ubalozi wao unaotuhudumia uko Nairobi, ila maombi siku hizi yanafanyika mtandaoni. Tangu Mei 2025 kuna pia fomu ya kuingia nchini, unaijaza kwenye mtandao ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, kwa hiyo tovuti ikikudai hela, funga.

Kingine ni cheti cha homa ya manjano. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo zote zimo kwenye orodha yao. Ukifika unaanza dawati la afya, unagongewa muhuri, ndipo unakwenda foleni ya uhamiaji. Tuliona watu wanafika dirishani baada ya foleni ndefu wanarudishwa mwanzo. Muwe pia na fedha ya kuonyesha mkiulizwa, baht 20,000 kwa mtu au 40,000 kwa familia, kwa wenye viza ya utalii. Sisi tuliulizwa, tukatoa dola, tukapita.

Kutoka uwanja wa ndege lipo basi la abiria linalopita fukwe za magharibi, tulilipa baht 100 kila mtu. Ukiwa umeshafika Patong, vile vigari vyekundu wanavyoviita tuktuk msivizoee, baht 200 zinakwenda kwa umbali ambao mngetembea mkipiga soga. Tumieni programu za teksi za kwenye simu. Kwenda Phuket mjini, kwenye majumba ya zamani ya wafanyabiashara Wachina wa enzi za migodi ya bati, kuna basi la buluu lililo wazi pembeni, bei yake ni ya wananchi. Jioni linaacha mapema, msilisubiri.

Bint_Mvita

Wa Mombasa hapa. Kaka, Patong nimepita na mume wangu, nakupa haki yako kwa chakula, ila kulala mie siwezi. Sisi twalikaa Ao Nang, mkoa wa Krabi, ng'ambo ya bahari hiyo hiyo. Nao ni mji wa watalii, una makelele yake, lakini Waislamu ni wengi, msikiti uko mjini na chakula cha halali si cha kukitafuta kwa tochi.

Ilikuwa 2023, Ramadhani ikaangukia na Songkran, mwaka mpya wao, ambao huanza tarehe 13 Aprili. Kwa wasiojua, siku hiyo nchi nzima watu wanamwagiana maji. Sasa fikiria una saumu, jua la Aprili ambalo kule ndio mwezi wa joto kuliko yote, na kila mlango una pipa la maji na watoto wamekushikia ndoo. Siku nyingine yoyote ningekasirika. Siku ile nilikuwa natembea polepole makusudi! Bibi mmoja hakunimwagia. Alinishika mkono akanitilia maji ya manukato kiganjani kidogo kidogo, akanipaka unga mweupe mashavuni. Mume wangu yeye alichapwa barafu ya mgongo na kijana aliyekuwa juu ya pikapu, akaruka kama ngisi.

Jioni tulikwenda karibu na msikiti. Wamepanga meza, sufuria zimefunikwa, kila mtu anatazama saa. Magharibi kule ni kama saa kumi na mbili na nusu. Adhana ikaadhiniwa, tukapewa tende na sharubati ya pinki hata kabla hatujauliza bei. Kisha khao mok, wali wa manjano na kuku ndani, na kisosi cha kijani cha nanaa na siki. Mume wangu akala sahani ya kwanza kimya. Ya pili ndio akasema, "Hii ni biriani, waniambie wasiniambie."

Kutoka Ao Nang kwenda Railay kuna mashua za mkia mrefu, baht 100, zinaondoka wakifika watu wanane. Railay imezungukwa na majabali, gari haifiki. Vaa nguo unayoweza kuikunja hadi gotini, kwa sababu mashua hupandwa majini.

Chalii_wa_Ngarenaro

Oya wakuu. Mimi kazi yangu ni mawe ya vito, Bangkok naingia kwa shughuli hiyo. Safari moja nikaja na shemeji yenu, tukaamua kumalizia Pattaya kwa sababu iko karibu, kama kilomita 150, basi linatokea kituo cha Ekkamai. Mnaolia bei za Phuket mngeanzia huku. Usafiri wa mjini ni pikapu zenye benchi mbili zinazotazamana nyuma, chai maharage kabisa, zile daladala za enzi zile. Unapanda, ukifika unabonyeza kengele, unashuka, unampa dereva baht 10 zako dirishani. Siri yake ni moja: USIULIZE BEI. Ukiuliza tu, umekodi gari zima.

Bahari ya mjini pale ni ya kutazama. Ya kuoga iko kisiwa cha Koh Larn, feri ya wananchi inatoka gati la Bali Hai kwa baht 30. Jumamosi msiende, Bangkok nzima iko huko.

Mswahili_wa_Muscat

Assalaam alaykum. Kijana umesema Patong vizuri lakini hukusema mwezi. Sisi Muscat tunakimbia joto Julai, na Julai chumba huko Patong ni karibu nusu ya bei ya Januari. Sababu ni upepo. Kusi ile ile tunayoijua pwani ya Afrika, ikishavuka ikweta inapinda, inawafikia wao kutoka kusini-magharibi na mvua zake, tangu Mei mpaka Oktoba. Phuket magharibi inaipokea kifuani. Mawimbi makubwa, maji ya udongo, na bendera nyekundu zimechomekwa mchangani. Bendera nyekundu maana yake usiingie, hata goti. Mkondo unavuta nje, na kila msimu unaua wageni waliojua kuogelea. Mie na mama watoto tulikaa barazani tukitazama mvua na kula nanasi. Hatukujuta hata kidogo.

Siku ya utulivu tukachukua boti kwenda ghuba ya Phang Nga, kijiji cha Koh Panyee. Nyumba zote ziko juu ya nguzo baharini, jabali nyuma yao, na msikiti wa kuba la dhahabu. Wazee wao walikuja kutoka Java, wavuvi. Watalii wanakula chakula cha mchana, wanapiga picha, wanaondoka. Sisi tulisubiri Adhuhuri tukasali nao. Baada ya sala mzee mmoja akanionyesha neti anayoshona, sindano ya mbao, fundo lile lile la wavuvi wa kwetu Pemba. Hatuna lugha pamoja, nikashika sindano nikamalizia mstari. Akaukagua, akanipa chai.

Kijana_wa_Feri

Kuna kitu hamjataja. Patong utakiona kibao cha buluu chenye mtu anakimbia wimbi na mshale wa kuelekea kilimani. Hicho ni cha tsunami. Tarehe 26 Desemba 2004 ufukwe ule ulisombwa asubuhi, na wimbi hilo hilo lilivuka bahari yote mpaka likaua watu Dar es Salaam mchana wake. Mimi na mchumba wangu tuliifuata mishale ile kwa miguu jioni moja, kutoka mchangani hadi kilimani, kujua tu inachukua muda gani.

Dereva_Tumbo_Joto

Pikipiki na boti za kukodi, nisikilizeni. Pikipiki za maji zile za ufukweni zina mchezo wa zamani: unarudisha, jamaa anakuonyesha mkwaruzo, anataka hela ya kununua mpya. Wenzetu wawili wazungu walizungukwa mbele yetu mpaka mmoja akakimbilia mashine ya kutolea fedha, na mashine zenyewe zinakata ada kwa kadi ya nje kila ukitoa. Kama lazima upande, piga video chombo chote, chini mpaka juu, mwenye mali akiwemo kwenye picha. Pasi usimwachie mtu. Mwachie nakala na dhamana ya fedha. Akikataa, wapo wengine ishirini nyuma yake.

Skuta nayo: kilima cha kuingilia Patong kina kona na mteremko ambao hata mimi wa malori nilishuka kwa heshima. Polisi wanasimama, wanataka helmeti na leseni ya kimataifa ya pikipiki. Ya gari haiwatoshi.

Mama_Kachumbari

Asanteni jamani, naandika yote. Ila hakuna aliyejibu tunalotaka kujua kina mama. Bangla usiku, na mume pembeni, ikoje?

Begi_Mgongoni

Hili namwachia mwenyewe, ameshanipokonya simu.

Haya, mke wake hapa. Kwanza nguo: msifue kwenye sinki, mtaani kuna akina mama wanafua kwa kilo, baht 50. Unapimiwa kwenye mzani, kila nguo inapigwa kipini chenye kitambaa cha rangi yako, kesho unapewa zimekunjwa hadi soksi. Mimi nilikuwa kijani.

Bangla tulikwenda saa tatu usiku, na tulikuta familia za watu zina watoto kwenye vigari. Barabarani ni taa, wapiga ngoma, na warembo wenye manyoya kichwani. Ukipiga nao picha kila mmoja anataka baht 100 yake, na wako wanne. Wapiga debe ndio wengi. Wanakuja na kikadi kimeandikwa maonyesho yaliyomo ndani, ya watu wazima, na wanampelekea mwanamume, wewe mke ni kama hupo. Baba watoto akajifanya anatazama simu. Kikadi nikakichukua mimi, nikakisoma chote juu hadi chini, yule kijana anasubiri.

Nikamuuliza, kuingia bei gani? Akasema bure kabisa, mama. Nikamuuliza, na kutoka?

Akacheka mpaka akaita wenzake, akatupisha njia.