"Ukiwa mbali haionekani": huyu bwana aniachie mlango wangu!

Wakuu, hasira zimenijaa hadi kooni, acha nizimwage hapa hapa kabla sijamfuata mtu kwake.

Yule bwana mnamjua. Simtaji, na wala hakuna haja. Kila aliyewahi kufungua boneti hadharani keshakutana naye: injini haijapoa, yeye kichwa kishaingia.

Bonyeo lenyewe lilikuwa la adabu kabisa. Mlango wa nyuma wa gari langu, upana wa kiganja, rangi haijapasuka hata kidogo. La namna hiyo mtu mwenye fito zake na taa analisukuma kutoka ndani polepole, rangi haiguswi. Akatokea yeye. "Usipeleke kwa fundi, watakula hela yako bure. Hili tunalimaliza hapa hapa nyumbani."

Akaja na birika la maji yanayochemka. Nikamwambia kaka, hilo ni bati, siyo bampa. Bampa ni plastiki, ikipata moto inalainika, unaisukuma inarudi. Bati na maji ya moto wapi na wapi? Akanitazama kwa huruma, akamwaga. Kisha akatoa kile kibomba cha kuzibulia choo (cha choo gani, sikuuliza). Kikanata, akavuta kwa nguvu zote za ukoo wao, kikaachia, akaenda chini matako kwanza. Bonyeo liko pale pale linamtazama.

Ndipo nyundo ikaingia. Akang'oa kava ya mlango kwa ndani, klipu zikakatika, "hizo si za lazima sana". Akaanza kutwanga katikati kabisa ya bonyeo, nje hakuna chuma cha kuegemeza wala nini. Jamani, bonyeo linaanziwa pembeni, unaligonga taratibu kuelekea katikati! Ukilitwanga katikati bati linatanuka, na likishatanuka halina pa kwenda, linavimba tu. Mlango sasa umekuwa kama uso wa mtu aliyeumwa na nyuki.

Na hata hilo ningelimeza. Lakini huyu mtu akaweka nyundo chini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akafumba jicho moja, akasema: "Ukiwa mbali haionekani."

UKIWA MBALI! Mbali wapi? Gari niliendeshe nikiwa mbali? Abiria wangu wapandie mbali? Na lile jicho moja alilofumba ndilo linalonikosesha usingizi. Kwa nini ulifumba, kama haionekani?

Ikaja puti, ule ujiuji wa kusawazishia bati. Hadina, dawa ya kuigandisha, kaimimina kwa macho. Inayotakiwa ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa puti, yeye kaweka mpaka mchanganyiko mzima umekuwa mwekundu, nusu ikagandia kwenye kibao kabla haijafika mlangoni. Iliyofika kaipaka juu ya rangi inayong'aa, msasa haujapita, unene wa kidole. Nimeweka sumaku, puti nene haikuiacha ishike bati, imeanguka chini. Nikamwonyesha. Mnajua kasema nini? Karudi nyuma tena! Kafumba jicho lile lile!

bampa_mbele: Weka picha mkuu. Za karibu tafadhali, za mbali hatutaona kitu.

spana_kumi_na_saba: Hahahaa nimecheka mpaka nimeamsha watu. Ila mkuu, maji yanamwagwa, nyundo inapigwa, wewe muda wote huo ulikuwa unafanya nini?

Mleta uzi: Nilikuwa nimeshika tochi.

spana_kumi_na_saba: Alikushikisha tochi kwenye mlango wako mwenyewe 😂😂😂

fundi_bodi_mstaafu: Poleni. Kijana, hiyo puti yote itoke, msasa namba 80 mpaka bati lionekane. Bati lililotanuka hupashwa moto kidogo kidogo na kupozwa ili lijikaze, na hiyo si kazi ya kujifunzia mlangoni kwako. Likishanyooka, puti ni ya kusawazisha tu, milimita 2 au 3, kisha msasa laini, kisha praima, rangi ya msingi. Na usishushe kioo kabla hujaangalia ndani kama nyundo haikugusa reli na waya.

Mleta uzi: Asante mzee wangu. Kioo kinashuka. Kupanda ndiyo kinapiga kelele.

mama_wa_usukani: Afadhali wewe umeharibiwa bure. Mimi niliuziwa gari naapiwa "rangi ya kiwandani, halijaguswa". Siku ya kwanza kuliosha, kipande cha puti kikadondoka kwenye ndoo.

bampa_mbele: Ndiyo maana ukienda kununua unatembea na sumaku. Isiposhika, ondoka zako.

mjuzi_wa_mambo: Si kweli. Kuna boneti za alumini, hazishiki sumaku hata zikiwa mpya kabisa. Msiwadanganye watu.

bampa_mbele: Tunazungumzia mlango wa jamaa, boneti imetoka wapi?

mjuzi_wa_mambo: Nimesema tu kitaalamu.

spana_kumi_na_saba: Huyu si ndiye mwenyewe jamani? Mkuu, fumbua jicho.

dada_wa_gia: Wenye laana ni wanaofungua mlango kwa teke kwenye maegesho halafu wanajifanya wanaongea na simu. Hao ndio wanaoanzisha haya yote.

kimya_kimya: Mimi wangu ni wa kuazima jeki. Jirani kaichukua, keshabadilishia nayo tairi zote za ukoo, juzi kairudisha haipandi.

fundi_bodi_mstaafu: Ya chupa, ile ya kusimama, au ya magurudumu?

kimya_kimya: Ya chupa, mzee.

fundi_bodi_mstaafu: Alikuwa anailaza huyo, imevuja au imemeza hewa. Ongeza mafuta ya haidroliki, fungua valvu, pampu mara kadhaa hewa itoke. Usiweke mafuta ya breki, yanakula mipira ya ndani inayozuia kuvuja.

kimya_kimya: Nitaipampu na nini? Mpini kabaki nao.

Mleta uzi: Jamani, mlango wangu.

dada_wa_gia: Mpini tafuta bomba la chuma linaloingia, linatosha kabisa.

kimya_kimya: Bomba ninalo. Nalo kaazima.