Tupeane uzoefu: tairi la upana gani na upepo kiasi gani kwenye changarawe?

Pedeli Nzito: Wakuu, mwaka wangu wa kwanza na baiskeli ya changarawe ulikuwa adhabu tupu. Tairi la milimita 38, ubavuni limeandikwa mwisho PSI 75 (PSI ndiyo kipimo cha mgandamizo wa upepo), nami nikaona ushujaa ni kukaribia hapo: 65 mbele, 65 nyuma. Kila kokoto niliisikia kwenye meno. Mteremkoni gurudumu la mbele lilidunda kama mpira, kona nazikata huku nasali. Siku moja vali ikavuja kidogo kidogo njiani bila mimi kujua, na siku hiyo hiyo ndiyo nikafurahia safari! Nafika nyumbani napima: 41. Sasa nipo 36 mbele, 39 nyuma, nina kilo 72, natumia tyubu. Nyie mmefikaje kwenye namba zenu? Tajeni na uzito, namba bila uzito haimsaidii mtu.

Mla Vumbi: Mimi nilizidisha upande wa pili. Kilo 88, tairi la 40 lenye tyubu, nikasikia watu wanasema "shusha upepo", nikashusha hadi 25. Jiwe la ukubwa wa ngumi, tang! Nyuma chini. Kuitoa tyubu, matundu mawili yamekaa sambamba kama nyoka kaing'ata. Tairi lilibonyea hadi rimu ikaibana tyubu kwenye jiwe. Nikaziba, nikaendelea na upepo ule ule (ubishi wangu huo), kilometa tatu mbele yale yale. Rimu ina kibonde hadi leo, ukipitisha kidole unakisikia. Sasa 40 mbele, 44 nyuma.

Bila Tyubu: @Mla Vumbi toa tyubu kaka. Kilo 70, tairi la 45, 27 mbele na 30 nyuma. Juzi nimesikia psss, nikazungusha gurudumu tundu likae chini, ile dawa ya majimaji ya kuziba matundu niliyoweka ndani ya tairi ikaziba, nikasepa. Ila ile dawa hukauka. Mimi niliiacha miezi mingi, kufungua tairi nakuta maganda tu. Na siku ya kwanza kulikalisha tairi kwenye rimu kwa pampu ya mkono, dawa ilinirukia hadi kwenye nyusi.

Fremu Nyembamba: Mnaongea upepo tu, upana je? Nilichukua 45 kwa sababu liliingia kwenye fremu. Limeingia kweli, nafasi iliyobaki milimita mbili. Jua likiwaka hamna shida. Ikanyesha, udongo wa mfinyanzi ukajaa pale nyuma ya pedeli, gurudumu likagoma kabisa. Nimeibeba baiskeli begani zaidi ya saa nzima, na fremu imeliwa rangi pande zote mbili. Halafu nikalipima: limeandikwa 45, lakini kwenye rimu yangu pana limetanuka hadi 47. Nimerudi 40 na sina hamu tena.

Nusu Lami: Mimi njia yangu zaidi ya nusu ni lami. 35, PSI 50, kilo 68. Mnicheke tu.

Geji Mbili: Kabla hamjaigana namba: pampu yangu na ya shemeji zinapishana PSI 6 kwenye tairi lile lile, dakika ile ile. Shika geji moja, hata kama inadanganya, idanganye kila siku vilevile. Na wenye rimu zisizo na ndoano kingoni (ule mkunjo wa kushika tairi), kikomo chenu ni PSI 72.5, yaani bar 5, hata kama tairi limeandikwa zaidi.

Pedeli Nzito: @Geji Mbili umenitia wasiwasi, hiyo 36 yangu huenda ni 30! Jumamosi naanzia hapo nilipo, nashusha mbili mbili kwenye kile kipande chenye mawe. Rimu ikigonga mara moja tu, narudisha. @Bila Tyubu, hiyo dawa unaiongeza kila baada ya muda gani?

Bila Tyubu: Miezi mitatu hivi. Wakati wa joto kali, mapema zaidi. Tikisa gurudumu karibu na sikio, usiposikia kitu kinachezacheza ndani, imeisha.